Alama Nilizomkata Mwanafunzi kwa Ua la Mgrivea

Nilifundisha jambo la uongo kuhusu ua la mgrivea, na nikamkata alama mtoto aliyeuona ukweli. Wanafunzi wale sasa ni watu wazima, na huenda wengine ni walimu wanaourudia mchoro wangu ubaoni. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa mwalimu wa Sayansi katika shule ya msingi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huko migrivea imejaa mashamba ya kahawa, kwa kivuli, mbao na kuni. Asili ya mti huu ni mashariki mwa Australia, katika Queensland na New South Wales. Mkaratusi nao umetoka Australia, na hapo ndipo nilipoteleza. Tumba la mkaratusi lina kifuniko. Kikidondoka, hutokea nyuzi nyingi, na kila uzi ni stameni, sehemu ya kiume yenye kifuko cha chavua. Hilo nililijua vizuri. Basi nilipoona maua ya mgrivea, ya rangi ya dhahabu, yamejaa vijiti virefu vyenye unga wa manjano kwenye ncha, sikuchunguza. Nikaandika ubaoni: stameni.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, unga wote umefutika kwa kidole, kijiti kimebaki kitupu. Kifuko chake kiko wapi?"

Nikamwambia akae, asipoteze muda wa wenzake. Kwenye mtihani aliandika kwamba kijiti kile ni sehemu ya kike. Nikaweka mkasi.

Miaka ilipita kabla sijafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: kulipasua kwa wembe tumba ambalo halijafunguka na kulitazama kwa kioo cha kukuzia. Ndani mna vipande vinne, wala huwezi kusema hii petali, hii sepali. Kwenye ncha ya kila kipande kimegandamana kifuko cha chavua, bila kijiti chochote cha kukishikilia. Hizo ndizo stameni za mgrivea, ndogo na zimejificha. Kijiti kirefu hutoka kwenye ovari. Hukua haraka kuliko tumba, kikapinda na kuchomoza nje kama upinde, huku ncha yake ikiwa bado imebanwa kati ya vile vifuko. Vifuko hupasuka kabla ua halijafunguka na kuipaka ncha ile chavua yote. Vipande vinapoachana, kijiti hufyatuka na kunyooka, kimebeba chavua ya kiume juu ya kiungo cha kike.

Wakati huo stigma iliyo kwenye ncha hiyo haijawa tayari kupokea. Ndege anayekuja kunyonya nekta, kama chozi wetu huku au ndege wala nekta wa Australia, huguswa kichwani na kuondoka na chavua. Baadaye stigma hukomaa, na hapo hupokea chavua iliyoletwa kutoka kwingine. Banksia za Australia zina utaratibu huo huo, na hata protea zinazoota juu ya Kilimanjaro, maana zote ni za familia moja na mgrivea.

Kosa langu halikuishia ubaoni. Kwa kuwa niliamini kila ua linajitosheleza, niliwashauri wazazi wabakize mgrivea mmoja tu wa mbegu na kukata mingine. Kwa kawaida mgrivea hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Ukiwa peke yake hutoa mbegu chache sana. Wazazi walinisikiliza kwa sababu mimi ni mwalimu, na hilo linaniuma hadi leo.

Walimu wenzangu, maua yakichanua karibu na madarasa yenu, wapeni watoto matumba yaliyofungwa pamoja na maua yaliyofunguka, na wembe mshike wenyewe. Mtoto akiuliza kifuko kiko wapi, kitafuteni pamoja kabla hamjamjibu. Na wewe binti uliyeniuliza, kama haya yatakufikia: jibu lako lilikuwa sahihi, nami naomba radhi.