Kilolo, Kapita na Simu

Kukasimu madaraka kando ya ziwa Kisale, huko Kongo, kulikuwa na vifaa vyake kabla ya kuwapo ofisi. Mulopwe, mfalme wa Waluba, alipomweka kilolo, chifu wa chini yake, mbali na makao yake hakumtuma mikono mitupu: alimpa mpemba, ule udongo mweupe wa kujipaka, na makaa ya moto wa kifalme. Machifu walishika pia fimbo za kuchongwa zilizobeba nasaba zao. Mwenye vitu hivyo aliamua kesi za kwake, akakusanya kodi na kuipeleka sehemu yake kwa mfalme.

Vijana wa Kinkondja wanaokwenda Lubumbashi kusomea usimamizi hurudi wakidhani somo hilo limezaliwa darasani. Dhana hiyo inaudhi, kwa kuwa ushahidi umezikwa karibu nao. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa hilohilo, yalifukuliwa 1957 na 1958, kisha tena 1974. Na kwingine katika bonde hilo la Upemba kuna wakubwa waliozikwa na mashoka ya heshima na fuawe zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wataalamu husogeza karne hizo mbele na nyuma. Na wazisogeze, mamlaka yalikuwa kitu cha kushikwa mkononi, kila mtu akakiona.

Kumpa mtu cheo hakukutosha bila kumlea. Kazi hiyo ilikuwa ya chama cha Mbudye. Mwanachama alipanda daraja kwa daraja, na waliofika juu kabisa, bana balute, watu wa kumbukumbu, walisoma lukasa: kibao cha kuenea kiganjani, chenye shanga na kombe, ambacho kidole hukipapasa huku mdomo ukitaja wafalme, safari zao na wajibu wa kila cheo. Mfalme mwenyewe alipimwa kwa kumbukumbu hiyo, jambo ambalo wakurugenzi wengi wa leo wasingelivumilia.

Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Kilemba, mji wa mulopwe, 1874 akapokewa na Juma Merikani, mfanyabiashara wa pwani, alimkuta mulopwe Kasongo Kalombo yuko safarini. Hata makao ya mfalme yalikasimiwa: mji ulikuwa mikononi mwa mkewe mkuu, Fume a Kenna.

Kisha likaja neno lenye asili ya Kireno, kapita, yaani msimamizi. Amri za kikoloni za 1906, 1910 na 1933 ziliwafunga machifu kwa karatasi, na kapita wa serikali akapewa hesabu ya watu na mizigo bila neno la kuamua. Lakini reli ilifika Bukama 1918, samaki wa Kisale wakapata njia ya kwenda migodini, na kapita wa namna nyingine akachipuka kwenye moshi.

Tajiri wa Bukama alimkabidhi mtu wake magunia ya chumvi na fedha, mtumbwi ukashuka Lualaba hadi kwenye kambi za wavuvi zilizozungukwa na mafunjo. Huko kapita alifanya kazi kwa pua. Moshi mchungu wa kuni mbichi ulimwambia kambale amekauka ngozi tu, nyama ya ndani bado. Uchachu kwenye bitoyo, samaki wa chumvi, ulimwambia mtu amefanya uchoyo wa chumvi. Alikubali au alikataa papo hapo, kwa kuwa tajiri alikuwa mbali na samaki hangoji. Aliporudi aliulizwa mawili tu: chumvi iliyotoka na samaki walioingia. Hasara ya kwanza ilisamehewa, ya pili ilijadiliwa usiku kucha, ya tatu ilimrudisha kwenye kasia. Aliyefaulu aliachiwa kijana wa kumfundisha, na baada ya misimu kadhaa alinunua chumvi yake mwenyewe.

Ya uhuru wa 1960 hadi utaifishaji wa 1973 yanajulikana. Maduka yalibadilisha wenyewe, meli zikapungua, 2015 eneo hili likawa jimbo la Haut-Lomami, makao makuu Kamina, na simu ikafika.

Sasa anayetumwa gatini kununua samaki huitwa mkuu wa manunuzi, cheo kirefu kuliko cha kilolo, lakini hakati bei ya beseni moja kabla ya kumpigia bosi wake. Mtandao ukipotea, hupanda mahali pa juu kuutafuta. Beseni hubaki juani, na mama muuzaji hufukuza nzi kwa ncha ya kikwembe.