Usiukate Mpapai Usiozaa

Mti usiozaa hauna rafiki shambani. Shangazi yangu, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa kuuza mapapai, alishauriwa na majirani aufyeke mpapai mmoja uliojaa maua lakini haukuzaa hata tunda moja. Walidai unakula mbolea bure. Shangazi akakataa katakata. “Huyo ndiye mume wao,” akasema akicheka. “Mkimwua, hawa wengine watabaki wajane kama mimi.” Wengi walidhani ni mzaha, kumbe alisema kweli tupu.

Mimea mingi, msomaji mpendwa, ina sehemu ya kiume na ya kike katika ua lile lile. Mhindi nao una mbelewele juu na ndevu kiunoni, ila ni mmea mmoja. Mpapai una mambo yake. Kuna mpapai dume, ambao maua yake madogo huning'inia katika vishada virefu. Kuna jike, ambao maua yake makubwa hukaa karibu na shina. Halafu kuna wa tatu, wenye ua lililo dume na jike pamoja, unaoweza kujizalisha bila kutafuta mwenzi.

Jike halina budi kuletewa unga wa dume, nao mshenga wao huja giza linapoingia. Utafiti wa Dkt. Dino Martins na mwenzake uliofanywa Bonde la Kerio na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kazi hiyo hufanywa na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu. Mashamba yaliyo karibu na vichaka vya asili ndiyo yaliyotembelewa zaidi.

Kwa nini basi mimea yote isijitosheleze? Mwaka 1876 Charles Darwin alichapisha matokeo ya majaribio yake ya miaka mingi: miche iliyotokana na mmea uliojizalisha mara nyingi ilikuwa mifupi na dhaifu kuliko ile iliyochanganya damu. Wazee wetu waliokataza watu wa ukoo mmoja kuoana wasingeshangaa. Hata hivyo, pale ambapo wadudu ni haba, mmea unaojizalisha angalau hupata uzao. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Binadamu naye ametia mkono. Wataalamu wa jeni walikadiria mwaka 2015 kuwa ule mpapai wa tatu ulizuka yapata miaka 4,000 iliyopita katika Amerika ya Kati, wakulima wa kale wakauchagua kwa sababu ulizaa bila dume.

Basi, mwenye nafasi ya mti mmoja tu nyuma ya nyumba na atafute mbegu za aina hiyo. Mwenye shamba la madume na majike naye abakishe dume mmoja kwa kila majike kumi hivi, na asifyeke kichaka chote cha mpakani. Kutozaa si kutofaa.