Picha za Kufundishia na Muundo wa Faili Zake

Mwalimu wa darasa la kwanza anajua kwamba chaki ikichafua ubao, mtoto huisoma "e" akidhani ni "c". Balaa hilo sasa limeingia katika picha tunazozitayarisha kwa kompyuta na simu, na walimu wanafunzi aghalabu hawatambui chanzo chake.

Picha huhifadhiwa katika faili za miundo mbalimbali. JPEG, muundo wa mwaka 1992, ulikusudiwa picha za kamera. Huigawa picha katika viraba vya nukta 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho la binadamu haliyatambui kwa urahisi. Kwa uso wa mtu au mawingu, hila hiyo ni njema, na faili huwa ndogo. Lakini kwa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, kandokando ya mistari huzuka vumbi la kijivu. PNG, uliotolewa mwaka 1996, huibana picha bila kupoteza nukta hata moja, nasi twaupendelea kwa herufi, ramani za mistari na michoro ya sayansi. GIF, wa mwaka 1987, haumudu zaidi ya rangi 256 katika picha moja. Wafaa mchoro mwepesi, si picha ya genge la matunda.

Wapo wanaofuta "jpg" mwishoni mwa jina la faili na kuandika "png", wakadhani kazi imekwisha. Huko ni kubadili kibandiko cha chupa tu. Hapana budi faili ifunguliwe katika programu ya picha, kisha ihifadhiwe upya kwa kuchagua muundo unaotakiwa.

Hata hivyo, ubadilishaji huo una mpaka wake. Mwanafunzi wetu mmoja alituletea mchoro wa mbegu ya haragwe inayoota, aliouchora mwenyewe kwa siku mbili. Ulikuwa umepita katika simu nne, na kila simu ikaupunguza ukubwa na kuuhifadhi upya kwa JPEG. Neno "mzizi" lilisomeka kwa shida. Vinyweleo vya mzizi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa kiini cha somo, vilikuwa ukungu mtupu. Akauhifadhi kwa PNG, akitumaini utatakata. PNG ikayatunza madoa yale kwa uaminifu mkubwa, na faili ikawa nzito kuliko awali!

Tukamweleza kwamba kilichotupwa na JPEG hakimo tena ndani ya faili, na muundo wowote utakaofuata hauna mahali pa kukichukua. Tukamwomba faili ya kwanza. Alikuwa ameifuta ili apate nafasi katika simu, na karatasi yenyewe ilikuwa imekwisha tupwa.

Somo lilikuwa la kesho yake asubuhi. Tulimpa karatasi na kalamu ya wino mweusi, akaketi kuchora upya, akianza na vinyweleo.