Klabu za Busaa za Kakamega Zilienda Wapi?

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kakamega hupita Ilesi, ambako vyungu hupangwa kando ya barabara, si mbali na lile Jiwe Liliaalo. Leo wapo wanaovinunua ili kuoteshea maua. Zamani chungu kikubwa kilikuwa na kazi ya heshima zaidi: kutilia busaa.

Kiwanda cha busaa kilikuwa jiko la mama. Unga wa mahindi ulikandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa hadi ukachachuka, kisha ukakaangwa juu ya bati pana mpaka ukawa wa kahawia. Ndipo ulipotiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa uumuke. Binti alijifunza kwa mamaye. Wazee walikizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao olusekhe. Hapo walipatanisha wagomvi na kuzungumzia mahari.

Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, wachimbaji walimiminika Kakamega. Kiu ya vibarua wa migodini kama Rosterman ikawa riziki ya mama pima. Rosterman ilifungwa mwaka 1952, lakini busaa ilibaki. Baada ya uhuru kukawa na klabu zenye leseni: viti vya mbao, mikebe ya mafuta ya kupikia badala ya glasi, na kelele za siasa. Karo ya watoto wengi ilitoka humo.

Kisha Rais Daniel arap Moi akashika hatamu mwaka 1978, na punde klabu hizo zikapigwa marufuku. Mwaka 1980 ikatungwa sheria ya kuharamisha chang'aa. Ulevi haukwisha, ulijificha. Busaa huhitaji siku kadhaa, vyungu na moto, na harufu yake humfikia askari upesi. Pombe kali huingia katika chupa ndogo. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Chang'aa ilihalalishwa mwaka 2010 kwa masharti, lakini klabu za kale hazikurudi na hadhi yao.

Makala haya hayawasifu walevi. Busaa nayo ilivunja nyumba. Lakini pamoja na klabu ulififia ufundi wa akina mama, na kikao ambapo mnywaji alionwa na jirani zake. Ya kale ni dhahabu. Ukienda likizo magharibi, muulize nyanya yako karo ya babako ilitoka wapi.