Kukinga na Kuzuia: Tajiriba ya Mwili na Suala la Istilahi

Utangulizi

Kwa muda mrefu uundaji wa istilahi za Kiswahili umekuwa kazi ya watu walioketi. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika mezani: orodha ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto, nafasi tupu upande wa kulia, na wataalamu wanaoshauriana namna ya kuzijaza. Simo miongoni mwa wanaoibeza kazi hiyo. Bila ya jitihada za namna hiyo, masomo ya shule zetu za msingi yasingefundishika kwa Kiswahili. Hata hivyo, yapo maarifa ambayo hayafiki mezani kwa sababu hayakai vitabuni: maarifa ya kuruka, kuanguka, kubeba, kupanda na kupigana. Maarifa haya nayo yana lugha yake, nayo ni Kiswahili.

Makala haya yanaeleza mambo machache niliyoyapata katika miaka kadhaa ya mazoezi ya karate na katika safari za miguu, hususan safari ya Mlima Kilimanjaro. Sikusudii kusimulia ushujaa. Umri wangu na magoti yangu havinipi haki hiyo. Ninachokusudia ni kutetea hoja moja, kwamba neno la mwili husemwa pale mwili unapolihitaji, na kwa sababu hiyo halikusanywi na mtu ambaye hakuwapo.

Lugha iliyotembea

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba Kiswahili chenyewe kiliingia bara kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji iliongozwa na kirangozi, ikabebwa na wapagazi, ikalala kambini na kugawiwa posho. Maneno hayo hayakubuniwa na kamati. Yalizaliwa, au yaliazimwa na kusanifiwa, na watu waliokuwa na mizigo vichwani na malengelenge miguuni. Carl Velten alipochapisha mkusanyo wa Safari za Wasuaheli mwaka 1901, alichohifadhi kilikuwa pia nathari ya watu waliotembea: umbali, maji, njaa, mito na namna ya kuivuka. Kwa hiyo anayechunguza lugha ya safari na mazoezi hatoki nje ya uwanja wa taaluma yetu. Anarudi katika mojawapo ya vyanzo vyake.

Mfano wa karibu zaidi ni mpira wa miguu. Kila mtoto aliyekulia uswahilini anajua maana ya kupiga chenga, kupiga danadana na kupiga tobo. Anajua pia maana ya kumpiga mtu kanzu: mpira hupitishwa juu ya kichwa cha mpinzani kama livaliwavyo vazi hilo. Istilahi hizi ni fupi, zina picha, na zinanyambulika bila taabu. Zimetoka katika viwanja vya vumbi, ambako mchezaji hana nafasi ya kutamka kirai chenye maneno manne.

Katika ukumbi wa karate

Nilianza karate nikiwa na umri wa miaka 43, katika ukumbi wa sakafu ya saruji, kwa ushauri wa daktari aliyesema kuwa mgongo wangu umechoshwa na kiti. Mwalimu wetu alikuwa kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kumzaa. Nje ya mlango aliniamkia, "Shikamoo, mzee," nami nikamwitikia, "Marahaba." Tulipovuka kizingiti mambo yaligeuka: mimi ndiye niliyeinama mbele yake. Kijapani humwita mwalimu sensei, neno ambalo kwa asili lina maana ya aliyetangulia kuzaliwa. Katika ukumbi ule aliyetangulia si aliyezaliwa kwanza bali aliyeanza njia kwanza. Kijana yule alipata namna yake ya kupatanisha adabu mbili. Aliponisahihisha alisema, "Mzee, goti." Neno la kwanza lilikuwa la heshima, la pili la amri, na goti likapinda.

Karate ilikwisha kusafiri kabla ya kutufikia. Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Okinawa mwaka 1868, aliihamishia Tokyo mwaka 1922. Katika miaka ya 1930 hata namna ya kuliandika jina lake ilibadilika: herufi iliyoashiria China iliachwa, ikawekwa nyingine inayosomwa vilevile lakini yenye maana ya utupu, na mchezo ukawa wa mkono mtupu. Kwa hiyo suala la istilahi lilikuwamo ndani ya karate yenyewe kabla halijawa suala letu. Mwaka 2021 mchezo huu ulishindaniwa mjini Tokyo katika Michezo ya Olimpiki iliyokuwa imeahirishwa kutoka mwaka 2020, kisha haukuwamo katika michezo ya Paris ya mwaka 2024. Lakini katika kumbi nyingi duniani amri zimebaki za Kijapani, na sisi pia tulihesabu ichi, ni, san hadi ju, ambayo ni kumi. Wanafunzi wadogo waliamini kwamba mwalimu anasema "juu", na kila tulipofika kumi pigo lao lilipaa hadi usawa wa kipaji cha uso.

Tukio lililonifundisha zaidi lilihusu neno uke. Hili ni jina la miondoko ya mkono inayolikabili pigo la adui. Ukutani palibandikwa karatasi ya istilahi iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, na humo uke ilikuwa "kuzuia". Wanafunzi walitii karatasi. Walizuia: walikaza mikono kama miti ya boma, pigo likagonga mfupa, na mwisho wa juma kila mmoja alikuwa na mikono yenye uvimbe. Siku moja mwalimu alisimamisha zoezi akasema, "Msizuie. Kingeni. Hamjawahi kukinga maji ya mvua?" Akaonyesha: mkono ulilifuata pigo, ukalipokea, ukaligeuza njia, kama mtu anayesogeza ndoo chini ya mchirizi wa bati bila kumwagikiwa. Siku hiyohiyo sauti ya mifupa kugongana ilipungua ukumbini.

Niliporudi nyumbani nilitafuta asili ya istilahi ile. Uke hutokana na kitenzi cha Kijapani ukeru, chenye maana ya kupokea. Kiingereza kililitafsiri kwa neno lenye maana ya kuziba, na karatasi yetu ikakifuata Kiingereza. Kiswahili, kwa upande wake, kina kitenzi kimoja kinachobeba maana zote mbili: kukinga ni kujilinda dhidi ya kitu, na pia ni kuweka chombo ili kukipokea kitu. Mwalimu wetu hakujua Kijapani zaidi ya amri za ukumbini. Alilifikia neno lililo karibu zaidi na asili kwa kuwa alikuwa akiutazama mkono, si karatasi.

Hapa msomaji makini anaweza kuuliza kama sadfa ya namna hii inatosha kuwa hoja. Sadfa zipo. Kata, kwa Kijapani, ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa ambao mwanafunzi huufanya peke yake. Kwa Kiswahili kata ni, pamoja na maana nyingine, pete ya nguo au majani iwekwayo kichwani chini ya mzigo. Mfanano huo ni wa sauti tu, wala hakuna nasaba yoyote baina ya maneno hayo. Kisa cha kukinga ni tofauti. Hapo hatulinganishi sauti bali maana, na aliyezilinganisha hakuwa akitafuta ulinganifu. Alikuwa akitafuta namna ya kuokoa mikono ya wanafunzi wake.

Mlimani

Miaka michache baadaye, tukiwa kikundi cha wanataaluma wanne, tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Njia hii ina vituo vitatu vyenye vibanda vya kulala: Mandara, mita 2,720, Horombo, mita 3,720, na Kibo, mita 4,720. Kutoka hapo mtu hupanda usiku hadi ukingo wa kreta, kisha kilele cha Uhuru chenye mita 5,895, ambako kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya pwani. Wachukuzi hujiita wagumu. Getini mizigo yao hupimwa kwa mizani, kwani kanuni imeweka kikomo cha kilo 20, na wengi huibeba kichwani au shingoni, kata ikiwa chini yake. Walitupita asubuhi wakiwa na mizigo, na tulipofika kituoni chai ilikuwa tayari.

Kila mgeni hufundishwa neno polepole, na limekwisha kusambaa duniani pamoja na picha za mlima huo. Waongozaji wetu walikuwa na msamiati mpana kuliko huo. Walisema "pumzi kwanza, mguu baadaye". Walisema "usiutazame mlima, tazama kisigino cha mwenzio". Mmoja wetu aliposimama akihema, mchukuzi aliyempita alisema "pole". Katika neno hilo moja mlikuwa na huruma na ushauri pamoja. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Mlimani methali hiyo ni kanuni ya afya, kwa kuwa mwili unaopandishwa haraka hauzoei upungufu wa hewa.

Nilishangazwa hasa na mazungumzo. Mwongozaji mkuu, mzee wa Kichaga aliyetuita sote "mwalimu", hakuacha kutusemesha. Alimwuliza huyu habari za watoto, yule habari za shamba, mwingine majina ya vijiji alikozaliwa. Nilidhani ni ukarimu, na ulikuwa ukarimu. Siku ya tatu tulikuwa katika uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo. Mwenzetu mmoja, msemaji hodari ambaye darasani hakosi neno, alianza kuyaburuta maneno yake. Hakulalamika, kinyume chake, alikuwa akicheka. Mzee alimwomba atembee hatua kumi katika mstari, kisigino kikigusa kidole. Katika hatua ya nne akayumba. Mzee hakujadiliana. "Mwalimu, unarudi sasa hivi. Si kesho, si baada ya chai." Mwongozaji msaidizi akamshika mkono, wakateremka hadi Horombo, na jioni ile fahamu na ulimi wake vilikuwa vimetengemaa.

Baadaye nilimwuliza mzee alitambuaje. Alijibu, "Miguu hudanganya, mwalimu. Mtu akitaka kilele, miguu itamwambia yuko sawa. Mimi nasikiliza ulimi." Madaktari wanajua kwamba usemi unaoburutika na mwendo wa kuyumba ni dalili za ubongo kuvimba kwa sababu ya urefu wa mlima, hali inayoweza kuua kwa saa chache mgonjwa asipoteremshwa. Mzee yule alikuwa akifanya, kwa maongezi ya kawaida, uchunguzi wa kiisimu ambao uhai wa mtu uliutegemea. Katika miaka yangu yote ya kufundisha fonetiki sijawahi kuona matumizi yake yaliyo ya lazima zaidi. Nilipomwuliza anauitaje usemi wa namna ile, alisema bila kufikiri, "ulimi mzito". Wenzake kambini walilitumia vilevile, na kila mmoja wao alijua afanye nini alisikiapo.

Hoja inayotokana na tajiriba hizi

Kuna mambo matatu yanayojitokeza. Kwanza, istilahi za mwili zina sifa ambazo istilahi za mezani huzikosa mara kwa mara: ni fupi, zina picha, na zinatii muda. Amri isiyotamkika ndani ya pumzi moja haifai ukumbini wala mlimani. Pili, ufasiri unaopitia Kiingereza unaweza kutunyima neno ambalo tayari tunalo, kama karatasi ya ukutani ilivyotunyima kukinga. Tatu, maneno haya hayajibu wito wa dodoso. Lau ningemwuliza mwalimu wa karate ofisini uke ni nini, pengine angenisomea karatasi. Kukinga lilimtoka kinywani kwa sababu mbele yake palikuwa na mikono iliyovimba.

Itapingwa kwamba neno la ukumbi mmoja au kambi moja si istilahi mpaka lisanifiwe na kuenea. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini chenga na kanzu vilienea kwanza, vikasanifiwa baadaye na matumizi yenyewe. Kazi ya mtafiti si kuyatawaza maneno ya wachukuzi na walimu wa michezo, bali kuyafikisha mbele ya wenye kuamua kabla nafasi tupu hazijajazwa kwa tafsiri. Hakuna anayedai kwamba kila mtahiniwa wa shahada ya uzamili apande mlima. Zipo kumbi za ngumi, zipo ngalawa, yapo mashindano ya mieleka, ipo kirumbizi ya fimbo katika pwani yetu, na upo Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambako wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba. Katika kila mojawapo mna mtu anayemwambia mwingine namna ya kusimama, kupumua na kuanguka, na anamwambia kwa Kiswahili.

Wazee wenye maneno haya wanastaafu, na vijana wao wanafundishwa kwa vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa lugha nyingine. Mwanafunzi atakayekwenda kuyakusanya asiende na daftari peke yake. Aende na viatu, akubali kusahihishwa na mtu aliye mdogo kwake, na avumilie mpaka achoke. Neno atakalolihitaji wakati huo ndilo neno la kuandika.