Mgeni wa Usiku



Wiki tano kabla ya harusi ya mdogo tulikwenda Guangzhou, China, kununua vitu vya bi harusi. Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, lakini hatukuondoka pamoja. Mkubwa alitangulia siku mbili, mdogo akabaki kusubiri ruhusa ya kazini. (Suala la mwanamke kusafiri bila maharimu masheikh wamelizungumza sana, kila mmoja amuulize anayemwamini. Sisi tuliondoka kwa idhini ya baba.)

Ilikuwa Oktoba, wakati wa maonesho makubwa ya biashara ya Canton, na hoteli za Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi, zilikuwa zimejaa. Tukachukua chumba cha mtu mmoja. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi: kitanda kipana, sote wembamba, wa pili ataingia tu.

Kulikuwa na kaka mmoja wa mtaani kwetu, anaishi kule siku nyingi, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu sokoni. Mtu wa adabu, na mama yake anajuana na mama yetu. Usiku wa kwanza, saa mbili, akaja na furushi la sampuli za vitambaa kutoka soko la Zhongda, akasema analipandisha chumbani ziangaliwe kwa nafasi. Mkubwa alijua haifai. Mwanamme na mwanamke wasio maharimu, chumba kimoja, mlango umefungwa: hilo tumefundishwa chuoni tangu tukiwa na meno ya utoto. Lakini muhali! Utamwambiaje mtu aliyekubebea mizigo kutwa, bila ya kuchukua hata senti, kwamba asipande? Ulimi ukawa mzito. Wakaanza kuelekea kwenye lifti.

Aliyewasimamisha ni binti wa mapokezi. Aliomba pasipoti ya mgeni, akatoa daftari la kuandika jina na saa ya kuingia, kisha akaonyesha saa ya ukutani: ikifika saa tano usiku mgeni awe ameshashuka. Pasipoti kaka hakuwa nayo. "Mwambie mimi ni kaka yako," alisema. Mkubwa akanyamaza. Sampuli zikatandazwa kwenye makochi ya ukumbini, mbele za watu, na nusu saa haikufika shughuli ikaisha.

Usiku ule tulizungumza kwa simu. Kule saa tano na nusu, Zanzibar watu ndio wanatoka kusali Maghribi. "Mungu kaniletea mtu wa kunisemea hapana," mkubwa alisema, na tukacheka sana.

Kicheko hakikudumu. Mdogo alipofika, tulimuandikisha kama mgeni wa kusalimia tu. Jina, pasipoti, saa ya kuingia, sahihi. Tulijua tunachotia sahihi. Tukapanda, tukasali, tukatandaza vitambaa kitandani. Saa tano simu ya chumbani ikalia. Hatukupokea. Ikalia tena, tukazima taa. Kidogo mlango ukagongwa: binti yule yule, na mlinzi nyuma yake.

Tulifungua tumejitanda kanga, mdogo machozi yanamtoka. Ashuke aende wapi usiku ule, mji umejaa, hajui hata kuomba maji kwa Kichina? Tulilalamika: sisi ni ndugu, wanawake watupu, kosa liko wapi? Binti akaandika kwenye simu yake, ikatafsiri. Kila anayelala hapa jina lake linapelekwa polisi. Wakija wakakuta mtu asiyeandikishwa, hoteli inaadhibiwa, na zamu ni yangu. Nikifukuzwa kazi, mtanisaidia?

Hatukuwa na jibu. Juzi yake tulimshukuru Mungu kwa sheria iliyomzuia kaka. Leo imetugusa sisi, tumeiita uonevu. Na aliyekuwa anaumizwa na ujanja wetu alikuwa ni binti mdogo kama sisi, anayetafuta riziki yake kwa zamu za usiku.

Tulishuka, tukaomba radhi, tukalipa nyongeza ya mtu wa pili, pasipoti ikaandikishwa upya. Nyongeza ile ilikula pesa za viatu vya harusi.

Baadaye tulielewa vizuri zaidi. Sheria ya China inayotumika tangu Julai 1, 2013 inaitaka hoteli imuandikishe mgeni wa kigeni na kupeleka taarifa zake polisi. Ukilala nyumbani kwa jamaa, wewe au mwenyeji wako ndio mnaokwenda kuandikisha polisi, ndani ya saa 24. Kwa hiyo usidhani kuhamia kwa shangazi kunakuondolea kazi hiyo. Dubai na Uturuki nako kila anayelala hotelini huonyesha kitambulisho chake. Saudi Arabia ilitangaza mwaka 2019 kwamba mwanamke anaweza kuchukua chumba peke yake kwa kitambulisho.

Basi, mashosti, kabla ya kulipa uliza: chumba ni cha watu wangapi, mgeni anaruhusiwa mpaka saa ngapi, wa pili anaongezewa kiasi gani. Andika idadi ya kweli. Mwenye kuleta mzigo mkutane ukumbini, na muhali ukikushika, isingizie hoteli, hiyo ni ruhusa njema.

Na nyinyi mabibi harusi mnaokwenda fungate nje: sisi hatubadilishi jina la baba kwa kuolewa, kwa hiyo pasipoti yako na ya mume hazitafanana. Wapo wanaouliza. Chukueni cheti cha ndoa, na tafsiri yake ya Kiingereza, kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya sanduku.

Mdogo aliolewa kwa viatu vya kuazima, vya mkubwa, vimejazwa pamba mbele. Walipokwenda fungate aliweka pasipoti mbili na cheti juu ya meza ya mapokezi kabla hajaulizwa. Mumewe akamuuliza haraka ya nini. Akamwambia, "Kuna mtu ana zamu."