Kabla Ununue Kadi Mpya, Angalia Kama Imezimwa Tu

Wasee, fundi akikuambia kompyuta yako "haina uwezo", muulize swali moja tu: umejuaje?

Mimi na ndugu yangu tuna kachumba ka kuonyesha muvi hapa mtaani. Viti kumi na viwili, projekta ya mkopo, na kompyuta ya mitumba yenye Linux, juu pesa ya leseni hatukuwa nayo. Tukapata seti ya spika tano na sabufa, tukachomeka waya zote tatu, na spika mbili za mbele peke yake ndizo ziliongea. Zingine kimya kabisa. Fundi akaangalia dakika mbili hivi, akasema bodi haiwezi kutoa sauti ya 5.1, tununue kadi ya 6,500. Hiyo ni kodi yetu ya mwezi mzima.

Nikasema, acha kwanza nisome.

Draiva ni mkalimani kati ya mfumo wa kompyuta na kadi ya sauti. Kwa Linux mkalimani huyo anaitwa ALSA. Kazi hiyo ilianza 1998, ikiongozwa na Jaroslav Kysela wa Ucheki, ikitokana na draiva ya kadi ya Gravis Ultrasound. Mwisho wa 2003, Linux 2.6 ilipotoka, ALSA ilikuwa ndani. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa.

Sasa, kazi yenyewe. Fungua programu inaitwa alsamixer. Utaona milingoti ya sauti. Penye pameandikwa MM chini, hapo pamezimwa. Kwetu Surround, Center na LFE, yaani sabufa, zote zilikuwa MM. Unabonyeza M, unapandisha sauti. Halafu kuna sehemu ya Channel Mode. Yetu ilikuwa 2ch, nikaweka 6ch. Bodi yetu ina matundu matatu tu nyuma: kijani, bluu na waridi. Kwa kawaida bluu na waridi ni za kuingiza sauti, lakini ukiweka 6ch draiva inazigeuza kuwa za kutoa: bluu inaenda spika za nyuma, waridi inaenda ya katikati na sabufa. Mwisho, kwa mipangilio ya sauti, nikatoa Stereo nikachagua Analog Surround 5.1.

Kisha nikaandika speaker-test -c 6 -t wav. Kuna sauti inataja jina la kila spika, moja baada ya nyingine. Mbele kushoto. Nyuma kulia. Ndugu yangu aliruka kitini. Kodi ililipwa, na kadi hatukununua.

Lakini tusidanganyane. Muvi iliyorekodiwa kwa sauti mbili haigeuki sita kwa miujiza. Na bure si bure: mimi nililipa kwa jioni mbili za kusoma, na si kila mtu ana jioni mbili. Ndio maana siwachukii mafundi. Fundi anayejua kazi yake mlipe vizuri, kujua ni kazi. Ninachokataa ni kulipia kukisia.

Huku kwetu tunatumia sana vitu ambavyo wengine wameshavichoka. Kampuni ikichoka kutoa draiva ya kadi ya zamani, na msimbo wamefungia kwa kabati, kadi yako inageuka takataka na haijaharibika hata kidogo. Draiva ikiwa wazi, mwenye kadi hata mmoja akiwa bado anaihitaji, anaweza kuendelea nayo. Kwangu hiyo ndiyo maana ya kumiliki kitu. Risiti peke yake haitoshi.

Kwa hivyo, kabla utoe pesa, tafuta MM iko wapi. Na wewe, ni kitu gani uliambiwa kimekufa na bado kiko kwa kona ya nyumba yako?